UZI: Jinsi bunduki ya kuwinda ilivyogeuka bastola ya kiunoni

1. Msimu wa siasa ukikaribia, mjadala wa raia na bunduki hurudi. Mmoja jukwaani anasema wafugaji wapewe silaha wajilinde. Mwingine anataka leseni zote zifutwe. Wa tatu anasema turudishe uwindaji wa zamani ili wanyama "wajilipie". Huku chini kwenye komenti mnachapana, ati hii ni haki, ati ile ni ukoloni. Leo tutembee na historia. Kama kawaida yetu, hatutaji mwanasiasa na hatutaji chama. Mimina chai, uzi ni mrefu.

2. Tunaanza na bunduki ya kuwinda makusudi. Mbona? Kwa sababu ndiyo iliyofungua mlango. Silaha ya moto iliingia bara ikimfuata ndovu. Sheria ya leseni, neno "jangili", hata ile heshima yenye woga tunayompa mtu mwenye bunduki, zote zina mizizi porini. Ukielewa nani aliruhusiwa kununua bunduki ya kuwinda, na nani aliruhusiwa tu kuibeba, utaelewa nusu ya kelele za leo.

3. Kabla ya bunduki kulikuwa na upinde. Waata, kule Tsavo na nyuma ya pwani, waliangusha ndovu kwa upinde mkubwa ambao mtu wa kawaida hawezi kuuvuta, na mshale uliopakwa sumu ya mti. Wakamba nao waliwinda kwa mishale ya sumu, na katika karne ya 19 walikuwa wakipeleka pembe mpaka Mombasa. Kwa hivyo mtu akikuambia Mwafrika alifundishwa kuwinda na mzungu, mwambie aketi kwanza. Silaha ilikuwa ya fundi na mwindaji. Hakukuwa na karani wa kuuliza "kibali kiko wapi?"

4. Bunduki ilikuja na biashara. Zanzibar ya karne ya 19 ilikuwa soko kubwa la pembe, na huko huko ndiko bunduki zilikopitia kuelekea bara. Gobori, ile ya kushindiliwa baruti kupitia mdomoni, ilisafiri na misafara. Tusisafishe historia: misafara hiyo ilibeba pembe na ilibeba watumwa pia. Hamed bin Muhammed, mfanyabiashara mkubwa wa wakati huo, alijulikana kama Tippu Tip, na maelezo yanayosikika sana ni kwamba jina hilo ni mlio wa bunduki zake. Hebu fikiria, mtu kuitwa mlio wa bunduki.

5. Wakati huo, kununua bunduki ni kununua mtaji. Inaua ndovu, inalinda msafara, inatisha kijiji. Mwenye bunduki kumi ni mtu wa maana, mwenye mia ni mtawala. Swali la "ni halali?" halikuwepo. Swali lilikuwa "una ngapi?" Hiyo ndiyo hatua ya kwanza ya mtazamo wetu: bunduki ni mali, na mali ni nguvu.

6. Mwaka wa 1890 mataifa makubwa yalikutana Brussels na kutia sahihi mkataba. Pamoja na mengine, ulizuia kuingizwa kwa bunduki za kisasa katika eneo kubwa la Afrika, huku zile za kizamani zikiruhusiwa kwa masharti. Sababu iliyoandikwa ilikuwa kukomesha biashara ya watumwa, na ni kweli bunduki ndizo zilizoendesha biashara hiyo. Lakini angalia saa: ni mataifa hayo hayo yaliyokuwa yanagawana bara hili. Mmoja anabaki na bunduki ya kisasa, mwingine na gobori. Sababu zote mbili zilikuwa za kweli kwa wakati mmoja. Kumbuka hilo, litarudi.

7. Miaka kumi baadaye, 1900, ukatiwa sahihi mkataba mwingine, huu London, wa kuhifadhi wanyama wa Afrika. Uwindaji ukawa jambo la leseni. Hapo ndipo maisha ya mtu wa kijijini yalipogeuka bila yeye kuhama hata hatua moja. Jana alikuwa mwindaji, leo ni jangili. Porini ni pale pale, upinde ni ule ule, swara ni yule yule. Kilichobadilika ni karatasi.

8. Na karatasi ilikuwa na bei. Miaka ya kabla ya Vita vya Kwanza, leseni ya mgeni aliyekuja kuwinda kwa burudani ilikuwa pauni 50, yaani rupia 750. Mlowezi alilipa pauni 10. Kibarua Mwafrika wakati huo alipata kama rupia nne ama tano kwa mwezi. Piga hesabu: kwa rupia tano, ni miezi 150 bila kula wala kulipa kodi ya kibanda. Zaidi ya miaka 12. Na hapo hujanunua bunduki wala risasi. Sheria haikuhitaji kuandika "Mwafrika haruhusiwi". Bei ilishamaliza kazi.

9. Aprili 1909 akashuka Mombasa rais mstaafu wa Marekani, aliyekuwa ameondoka madarakani mwezi uliotangulia. Alikuja na mwanawe. Katika safari yao iliyopita hapa, Uganda, hadi Sudan, wawili hao waliua wanyama na ndege 512. Mingi ya mizoga ilienda makumbusho kwa jina la sayansi. Magazeti ya dunia yalishangilia. Neno letu "safari", ambalo kwetu ni kutoka hapa kwenda pale, likageuka huko nje kuwa likizo ya mzungu mwenye bunduki.

10. Lakini nani alibeba hizo bunduki? Hapa ndipo penye kiini. Kila mwindaji mkubwa alikuwa na mbeba bunduki wake, Mwafrika, aliyetembea nyuma yake na bunduki ya pili ikiwa imejazwa risasi. Simba akija, huyo ndiye alipaswa kusimama asikimbie, akampe bwana silaha. Alijua kuisafisha, kuijaza, kusoma nyayo na upepo. Mara nyingi alijua pori kuliko mwenye leseni. Akirudi kijijini jioni, akishikwa na bunduki ile ile, ni mhalifu. Kubeba ndiyo, kumiliki hapana.

11. Kwa walowezi, bunduki ikawa alama ya hadhi. Zile nzuri zilitengenezwa London kwa mkono, kwa kipimo cha mwenyewe, kama suti. Mwaka wa 1934 wawindaji wa kulipwa waliunda chama chao Nairobi, katika hoteli ya Norfolk, wakajiwekea kanuni: usimpige mnyama ukiwa ndani ya gari, usimwache aliyejeruhiwa. Kanuni nzuri, tusiwanyime haki yao. Ila kanuni hizo zilifanya uwindaji wa bunduki uonekane ustaarabu, na uwindaji wa mshale na mtego uonekane ukatili. Ndovu anayekufa hajali silaha ilitoka wapi.

12. Na ukidhani yote ilikuwa kwa ajili ya kuhifadhi wanyama, pita Makueni. Kati ya 1944 na 1946, serikali ya kikoloni ilitaka kufyeka vichaka ili kuhamishia Wakamba huko, kwa kuwa ardhi yao nyingine ilikuwa imebanwa na kuchoka. Mwindaji mmoja wa serikali, J. A. Hunter, aliua vifaru karibu 1,000 katika kazi hiyo. Elfu moja. Mkamba aliyeua kifaru mmoja kwa mshale angefungwa. Aliyeua elfu alilipwa mshahara. Tofauti haikuwa kifaru.

13. Kisha 1948 ikatangazwa mbuga ya Tsavo. Waata wakajikuta maisha yao yote yamezungushiwa mpaka. Mwaka wa 1956 na 1957 ikapita operesheni kali ya kukomesha uwindaji humo. Wapiga upinde hodari waliishia jela, na jamii nzima ikabaki bila kazi iliyowapa jina. Ujangili ulikuwepo kweli, na wanunuzi wa pembe mjini walikuwepo pia. Lakini kama ilivyo hadi leo, aliyefungwa sana ni aliyevuta upinde.

14. Twende kaskazini kidogo, kwa sababu mjadala wa wafugaji hauwezi kueleweka bila huko. Mwanzoni mwa karne ya 20 bunduki ziliingia Turkana kutoka upande wa Ethiopia, zikifuatana na biashara ya pembe. Serikali ya kikoloni ilituma jeshi, na operesheni kubwa ya 1918 iliwanyang'anya watu silaha na mifugo mingi. Majirani ng'ambo ya mpaka hawakunyang'anywa. Kilichofuata ni mashambulizi kwa jamii iliyoachwa mikono mitupu. Kwa hivyo mzee wa huko akisikia neno "operesheni", hasikii usalama. Anasikia kuachwa peke yake.

15. Oktoba 1952, hali ya hatari. Mlowezi anakula chakula cha jioni bastola ikiwa kando ya sahani. Bunduki zilizokuwa za kupiga nyati na chui sasa zinaelekezwa kwa binadamu. Msituni, wapiganaji wa Mau Mau wanatengeneza bunduki kwa mabomba ya maji, komeo za milango na vipande vya mpira. Zingine zilimlipukia mwenyewe mkononi. Mtu aliyepita kwenye mafunzo ya kubeba bunduki ya bwana, ama aliyepigana Burma, sasa ana maarifa yanayotisha serikali.

16. Sheria za dharura zikafanya kupatikana na silaha ama risasi kuwa kosa la kunyongwa. Zaidi ya watu 1,000 walipelekwa kitanzini miaka hiyo, na mamia kati yao hawakupatikana na hatia ya kuua mtu, bali ya kumiliki silaha ama risasi. Dedan Kimathi alishikwa Oktoba 1956 na kunyongwa Februari 1957. Shtaka lililompeleka huko? Kupatikana na bastola na risasi. Ukiwahi kujiuliza kwa nini wazee wengi wa kizazi hicho hawakutaka hata kugusa bunduki ya mchezo ya mtoto, jibu ni hilo.

17. Katikati ya moto huo, 1954, ikaanza kutumika Sheria ya Silaha, Sura ya 114. Ni ile ile tunayotumia mpaka leo, imerekebishwa mara nyingi lakini mifupa ni ya zamani. Msingi wake: unaomba, unaonyesha sababu nzuri, afisa anaridhika kwamba hutahatarisha umma, anakupa cheti. Akikataa, umekataliwa. Kwa lugha ya kawaida, bunduki ya raia Kenya ni kibali, si haki ya kuzaliwa.

18. Uhuru ukaja, 1963. Bendera ikabadilika, Sura ya 114 ikabaki. Kilichobadilika ni nani anaketi upande wa pili wa meza akiomba. Mashamba makubwa yalipata wenye wapya, na bunduki ya kuwinda ikaanza kuonekana kwa Waafrika wachache wenye nafasi zao. Kwa wengi wetu mtazamo ulibaki ule ule: ukiona bunduki, ni ya askari, ya tajiri, ama ya mwizi. Jirani wa kawaida hayumo kwenye orodha.

19. Miaka ya 1970 mambo yakaharibika. Bei ya pembe ilipanda na ujangili ukafuata, safari hii kwa silaha nzito na watu wenye vyeo nyuma yake. Kenya ilikadiriwa kuwa na ndovu 167,000 mwaka wa 1973. Mwaka huo uwindaji wa ndovu ukapigwa marufuku. Mei 1977 ikaja marufuku ya jumla: uwindaji wote wa burudani umekwisha, isipokuwa ndege wa kuliwa. Mwaka uliofuata biashara ya nyara ikafungwa pia, yale maduka ya ngozi na mikia ya kufukuzia nzi yakafunga milango.

20. Chama cha wawindaji kikavunjwa mwaka ule ule wa 1977. Wengine walihamia Tanzania, Sudan, Botswana. Wengine waliweka bunduki kabatini, wakanunua kamera na magari ya watalii. Kiswahili kilikuwa tayari kimejipanga: ulikuwa unapiga bunduki, sasa unapiga picha. Kitenzi ni kile kile, ila mnyama anabaki hai.

21. Je, marufuku iliokoa ndovu? Hapa pande zote mbili hudanganya kidogo. Kufikia 1989 walikuwa wamebaki kama 16,000. Vifaru weusi, waliokadiriwa 20,000 mwaka wa 1970, walikuwa chini ya 400. Kwa hivyo marufuku peke yake haikumzuia jangili, kwa sababu jangili hakuwa na leseni ya kufutwa. Kilichogeuza mambo ni mchanganyiko: tani 12 za pembe kuchomwa Nairobi Julai 1989, biashara ya kimataifa kufungwa mwaka huo huo, na KWS kuundwa ikiwa na askari wenye silaha za kutosha. Sensa ya 2021 ilihesabu ndovu zaidi ya 36,000.

22. Marufuku ilibadilisha kitu kingine ambacho hakizungumziwi: kichwa chetu. Wakenya wengi walio hai leo wamezaliwa baada ya 1977. Hawajawahi kuona mtu akipita barabarani na bunduki ya kuwinda kihalali. Babu zao walimwona mwenye bunduki ya kuwinda wakamwita bwana. Wao wakimwona porini wanapigia KWS simu. Ndani ya kizazi kimoja, bwana amegeuka mshukiwa. Nchi chache zimegeuka kiasi hicho kwa haraka hivyo.

23. Sasa sikiliza kwa makini. Bunduki hazikuisha, sababu ndiyo iliyohama. Ukiomba leseni mwaka wa 1960, ungeweza kusema "nawinda nyati". Baada ya 1977 sababu hiyo haipo. Inabaki kulinda shamba, kulenga shabaha kwenye klabu, na zaidi ya yote, kujilinda. Kujilinda na nani? Na binadamu. Bunduki ndefu ikafupishwa ikawa bastola, ikatoka begani ikaingia chini ya koti. Wahenga walisema mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. Sisi tulihama kutoka kwa nguruwe bila kufanya mjadala wowote wa kitaifa.

24. Kisha ikaja Jumamosi ya Septemba 21, 2013. Magaidi walivamia jumba la Westgate, watu 67 wakauawa. Kabla vikosi havijajipanga, walioingia ndani kutoa watu walikuwemo raia wenye bastola za leseni, wengine waliozoea mazoezi ya shabaha, pamoja na polisi wachache waliovalia nguo za kawaida. Watoto na akina mama walitolewa mle na watu ambao hawakuwa na wajibu wowote wa kuingia. Tangu siku hiyo, "raia mwenye bunduki" alipata sura nyingine machoni pa wengi. Ukipinga leseni za raia, hilo huwezi kuliruka.

25. Na ukitetea leseni za raia, hili nawe usiliruke. Miaka iliyofuata tumeona bastola zikiwekwa mezani kwenye baa kama funguo za gari. Tumeona ugomvi wa maegesho ukimalizwa kwa kufungua koti kidogo ili kitu kionekane. Desemba 2018 serikali iliamuru kila mwenye leseni apigwe msasa upya. Serikali haiamuru hivyo kama inaamini daftari lake. Mwindaji wa zamani alionyesha hadhi kwa pembe ukutani. Wa leo anaionyesha kwa uvimbe kiunoni.

26. Daftari lenyewe ni dogo. Makadirio ya Small Arms Survey ya 2017 yaliweka silaha mikononi mwa raia Kenya kuwa karibu 750,000, na zilizosajiliwa kuwa elfu nane hivi. Ni makadirio, si sensa, lakini picha ni wazi. Nyingi ziliingia kupitia mipaka yenye vita, na ghala la jeshi la Moroto, Uganda, lilipoporwa 1979 baada ya serikali ya huko kuanguka, wimbi lilifika hadi kwetu. Kwa hivyo tunapogombana mwezi mzima kuhusu leseni, tunagombana kuhusu kama bunduki moja kati ya kila tisini.

27. Turudi kwa madai ya jukwaani. La kwanza: "Kumiliki bunduki ni haki yangu ya kikatiba." Hapana, ndugu. Hiyo ni katiba ya Marekani, marekebisho yaliyopitishwa 1791. Katiba yetu ya 2010 inakupa haki ya usalama wa mwili wako na haki ya kumiliki mali, lakini haitaji haki ya kubeba silaha. Ukitaka iwe haki, sema wazi kwamba unataka katiba ibadilishwe. Usitukopeshe katiba ya wengine kama vile ilipigiwa kura Nakuru.

28. La pili: "Rudisheni uwindaji, tutapata pesa." Hili si wazo la kichaa, na si geni. Mwaka wa 2004 Bunge lilipitisha mswada uliolegeza marufuku, Rais akakataa kuutia sahihi. Sheria ya 2013 ikafunga mlango kabisa na kuleta adhabu inayofika kifungo cha maisha kwa makosa dhidi ya wanyama walio hatarini. Tanzania ilifunga uwindaji 1973, ikafungua tena 1978, na inapata mapato yake. Lakini muulize anayependekeza: leseni hiyo itanunuliwa na nani? Ikiwa ni kwa dola, basi tumerudi kwenye pauni 50, na kijana wa Kajiado amerudi kuwa mbeba bunduki.

29. La tatu, na hili ndilo linaloniuma: "Watu wa kando ya mbuga wapewe silaha." Kuna familia Taita Taveta na Laikipia ambazo wakati wa mavuno hulala shambani na tochi na debe la kugonga, ndovu wakija wapige kelele. Sheria ya 2013 inaahidi fidia ya shilingi milioni tano mtu akiuawa na mnyama, na waliongoja fidia wanajua kungoja kulivyo. Mimi sisemi wapewe bunduki. Ndovu aliyejeruhiwa na risasi ndogo ni hatari kuliko mzima. Ila tusimfanyie mzaha anayeuliza. Anaona mtu wa Nairobi ana bastola dhidi ya mwizi ambaye huenda asije, naye ana debe dhidi ya ndovu anayekuja kila usiku.

30. Basi tumejifunza nini? Kwa zaidi ya miaka 120, sheria zetu zimeuliza swali moja tu: nani aaminiwe na bunduki? Na kila enzi jibu limekaribiana sana na lile la "nani ana nafasi". Mwenye misafara, kisha mwenye pauni 50, kisha mlowezi, kisha mwenye kumjua mtu ofisini. Mara nyingi sababu iliyotolewa ilikuwa ya kweli: watumwa, wanyama, usalama. Na mara nyingi hiyo sababu ya kweli ilibeba nyingine mgongoni. Ndiyo maana mwananchi husikia tangazo zuri kabisa la usalama na bado akakunja uso.

31. Kwa hivyo mgombea akisimama mbele yako na neno bunduki mdomoni, usimuulize kama anapenda ama anachukia. Muulize: Ukinyang'anya silaha upande huu, nani atalinda usiku ule ule, na jirani naye atanyang'anywa lini? Ukitoa leseni, nani ataangalia daftari, na mwenye cheo akikosea atapokonywa kama wengine? Na yule wa debe na tochi, fidia yake itafika kabla ya mavuno yajayo? Akikujibu hayo matatu kwa tarehe na bajeti, msikilize. Akikujibu kwa makofi, endelea na chai yako.

32. Mwisho wa uzi. Kama babu yako alikuwa mbeba bunduki, mpiga upinde, ama askari wa wanyama, tuachie hadithi yake hapo chini. Hizo ndizo hazimo kwenye vitabu. Tusi halisomwi hapa, hoja husomwa. Kesho kutwa tunaendelea na mashamba na hatimiliki, na hiyo nayo ina bunduki zake.